Maisha ya Jackie Robinson, mchezaji aliyesaidia vijana wa Afrika kupanda ndege ya masomo

Mara hii tunawaletea habari za mtu wa besiboli. Najua kwamba huo si mchezo wetu. Sisi hapa Djugu tunajua mpira wa miguu, na wasichana wanajua nzango. Basi nieleze kwanza, ndipo tuendelee. Besiboli ni ekipe mbili, kila moja watu tisa. Mmoja anatupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu sana, na adui yake amesimama na rungu refu la mti akijaribu kuupiga. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka pembe nne za kiwanja, na akirudi pale alipoanzia bila kukamatwa, ekipe yake inapata pointi moja. Tena mtu aliyesimama kwenye pembe anaweza kuiba njia, maana yake kukimbilia pembe nyingine wakati adui wanazubaa. Jackie alikuwa mwizi mkubwa wa namna hiyo. Wizi huu hauna dhambi.

Jina lake lote ni Jack Roosevelt Robinson. Alizaliwa tarehe 31 mwezi wa kwanza 1919 kule Cairo, si Cairo ya Misri, bali mji mdogo wa jimbo la Georgia, Marekani. Nyanya yake alizaliwa mtumwa. Wazazi wake walilima shamba la mzungu na kugawana mavuno naye, na mgawo wenyewe mnaweza kuufikiri ulikuwa namna gani. Mwaka ule ule baba aliondoka, akaiacha familia. Mama yake, Mallie, akabaki na watoto watano, Jackie akiwa wa mwisho. Mwaka 1920 aliwapandisha wote katika treni, wakaenda mpaka Pasadena, jimbo la California, safari ya siku nyingi. Wengi wetu hapa Djugu, tangu vita ile ya mwisho wa 2017, hatuhitaji kufundishwa ni nini mama kuhama na watoto na mizigo kichwani.

Kule Pasadena Mallie alifua nguo na kusafisha nyumba za Wazungu. Alipata nyumba katika barabara ya Pepper, ambapo majirani wote walikuwa Wazungu, nao wakajaribu kuwafukuza. Hakuhama. Kuna siku watoto walirudi shule na kukuta chakula kimepungua, lakini mama alikuwa mtu wa sala na wa kazi, akawaambia watoto wake lazima wasome.

Sasa nifike kwa kaka yake, juu ya huyu kaka anaeleza mambo mengi. Mack Robinson alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1936, katika michezo ya Olimpiki kule Berlin, alikuwa wa pili katika mbio za metre 200, nyuma ya Jesse Owens peke yake. Wa pili ulimwenguni! Aliporudi Pasadena na medali yake ya feza, kazi aliyopata ni kufagia barabara za mji. Jackie aliona hiyo kwa macho yake akiwa kijana wa miaka 17. Aliona kwamba miguu mizuri inaweza kukufikisha Berlin na kukurudisha kwenye ufagio.

Kijana huyu hakuwa malaika. Alikuwa na kundi la rafiki wa barabarani, Weusi, Wajapani na Wameksiko, waliotupia magari udongo na kuiba matunda, na polisi waliwajua. Ndipo akaja mtu ambaye mimi ninamwona kuwa wa maana kuliko wote katika hadithi hii, ingawa watu wengi hawajui jina lake. Ni mchungaji Karl Downs wa kanisa la Wametodisti. Alikuwa bado kijana mwenyewe, miaka 25 hivi. Hakungoja vijana waje kanisani. Aliwafuata pale walipokaa, akawaletea michezo, akasikiliza shida zao. Wazee wengine wa kanisa walinung'unika kwamba nyumba ya Mungu imegeuka kuwa mahali pa kuchezea. Yeye akaendelea. Jackie akawa mwalimu wa watoto siku ya Mungu. Jumamosi alicheza mpira mpaka mwili wote unauma, na asubuhi ya kesho, hata kama alitaka kulala, aliamka kwenda kufundisha.

Tuongee sasa juu ya masomo na mchezo, kwani kule Marekani vitu hivi viwili vinatembea pamoja kwa namna ambayo kwetu haiko. Kila universite ina ekipe zake, na walimu wa michezo wanazunguka katika shule za sekondari wakitafuta vijana wenye kipaji. Kijana akipendeza, universite inaweza kumpa nafasi na kumsaidia gharama. Kwa hiyo mtoto wa maskini anaweza kuingia kupitia kiwanja. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika universite ya Georgetown mwaka 1987 kwa bursi ya masomo, akitaka kuwa daktari, lakini alipoonekana urefu wake akaitwa kwenye basketi, na dunia yote ikamjua mpaka alipokufa mwaka 2024.

Jackie aliingia kwanza katika chuo cha miaka miwili pale pale Pasadena. Tarehe 7 mwezi wa tano 1938 alifanya jambo ambalo hata leo ni vigumu kulisadiki. Asubuhi aliruka katika mashindano ya mbali kidogo na kwao, akafika karibu metre 7 na sentimetre 78, akapita rekodi ya chuo iliyokuwa ya Mack kaka yake. Halafu akapanda gari, akabadilisha nguo njiani, akafika mji mwingine kucheza besiboli siku ile ile, na ekipe yake ikashinda.

Baada ya hapo universite nyingi zilimtaka. Alichagua UCLA, ya Los Angeles, juu ilikuwa karibu na nyumbani na kaka yake mwingine, Frank, aliyempenda sana, angeweza kuja kumtazama. Frank akafa mwaka 1939 kwa ajali ya pikipiki, kabla Jackie hajacheza mechi hata moja kwa UCLA. Pale alikuwa mtu wa kwanza wa universite ile kuheshimiwa katika michezo minne: futboli ya Kimarekani, basketi, riadha na besiboli. Na mtacheka: katika hiyo minne, besiboli ndiyo aliyoshindwa zaidi. Mwaka 1940 karibu hakuupiga mpira. Mwalimu anayepanga wachezaji kwa kutazama msimu mmoja tu angemfukuza.

Pale UCLA alikutana na Rachel Isum, msichana aliyesoma uuguzi. Rachel alikuwa mtu wa vitabu kweli kweli. Mwanzo wa 1941 Jackie akaamua kuacha masomo, miezi michache tu kabla ya kupata diploma. Mama yake alikataa. Rachel alikataa. Mchungaji Downs alikataa. Yeye aliona ya kwamba mama amechoka kufua, na kwamba diploma haitamsaidia mtu mweusi kupata kazi. Mack na ufagio wake walikuwa mbele ya macho yake. Wako wanaomlaumu. Mimi siwezi kumlaumu kwa haraka, kwani katika kila kalasi yetu yuko mwenzetu anayefanya hesabu hiyo hiyo kila mwanzo wa mwaka, minervali upande huu na njaa ya nyumbani upande ule. Rachel yeye aliendelea, akamaliza mwaka 1945.

Vita ikaja. Jackie akaingia jeshi mwaka 1942, akawa liyetena mwaka uliofuata. Mwezi wa saba 1944, katika kambi moja ya Texas, dereva wa basi alimwamuru aende kukaa nyuma, mahali pa Weusi. Alikataa, kwani sheria ya jeshi yenyewe ilikuwa imekataza ubaguzi katika mabasi ya kambi. Walimshitaki mbele ya mahakama ya jeshi. Aliachiliwa, hakukuwa na kosa.

Alipotoka jeshini alipokea mwito wa Karl Downs, ambaye wakati ule alikuwa mkubwa wa chuo kidogo cha Weusi kule Austin, Texas. Jackie akafundisha wanafunzi michezo pale, na ekipe ya basketi ilikuwa mkononi mwake. Mshahara ulikuwa mdogo. Ndiyo kusema, yule aliyeokotwa barabarani alirudi kwa aliyemwokota, amsaidie kuwalea wengine.

Mwaka 1945 alicheza besiboli katika ekipe ya Weusi ya Kansas City, dolari 400 kwa mwezi. Wakati ule ekipe kubwa zilikuwa za Wazungu peke yao, na hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50. Branch Rickey, mkubwa wa ekipe ya Dodgers ya Brooklyn, mtu wa kanisa naye, aliamua kuvunja jambo hilo. Alimwita Jackie tarehe 28 mwezi wa nane 1945, akamjaribu kwa maneno ya matusi saa nyingi ili aone kama atavumilia bila kurudisha. Mwaka 1946 alimtuma kwanza Montreal, Kanada, mji wa Kifaransa kama masomo yetu, na watu wa pale walimpenda. Mchungaji Downs ndiye aliyemfungisha ndoa na Rachel mwaka ule ule.

Tarehe 15 mwezi wa nne 1947 Jackie alikanyaga kiwanja cha Brooklyn. Nitapita haraka hapa, juu vitabu vingi vinaeleza. Alitukanwa, alitupiwa mipira kichwani, barua za kumtisha kifo zilikuja, wachezaji wengine walimkanyaga kwa viatu vya misumari. Hakurudisha. Akawa mchezaji mpya bora wa mwaka huo, na mwaka 1949 mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 1955 Dodgers walipata ubingwa wote. Lakini mwaka 1948 alipata huzuni kubwa: Karl Downs alikufa baada ya kupasuliwa katika hospitali ya Texas, miaka 35 tu. Jackie aliamini kwamba mzungu angeuguzwa vizuri zaidi na kupona.

Aliacha kucheza kisha msimu wa 1956, akawa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya kahawa kule New York. Hapa ndipo hadithi inafika kwetu Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya, aliyekuwa bado hajafika miaka 29, alizunguka Marekani akiombea vijana nafasi za masomo. Kenya ilikuwa chini ya Waingereza, na nafasi za Makerere zilikuwa chache. (Kwetu Kongo haikuwa afadhali: tulipopata uhuru mwaka 1960, waliomaliza universite walihesabika kwa vidole.) Vyuo vingi vilikubali. Shida ilikuwa ndege. Mtoto ana barua ya kukubaliwa mkononi, ng'ombe wa baba wameuzwa, na bado nauli haipatikani. Jackie Robinson pamoja na Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mchezaji wa sinema, waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba watu mchango. Pesa zikaja, nyingi kutoka kwa watu wa kawaida. Mwezi wa tisa 1959 ndege moja ikatoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata walikuwa zaidi. Serikali ya Marekani ilikataa kwanza kusaidia nauli. Jackie alikuwa upande wa Nixon katika uchaguzi ule, akamsukuma aseme na serikali. Mboya naye akaenda kwa Kennedy, na shirika la familia ya Kennedy likatoa dolari 100,000. Ninaona ni vizuri kwamba wanafunzi hawakuulizwa pesa zimetoka upande gani. Katika safari za 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri, Wangari, aliyepelekwa chuo kimoja cha Kansas. Ndiye Wangari Maathai wa miti, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 2004. Mpaka 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamesafirishwa, wa Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi za kusini. Mboya mwenyewe aliuawa Nairobi tarehe 5 mwezi wa saba 1969.

Miaka ya mwisho ya Jackie ilikuwa mizito. Ugonjwa wa sukari ulimla macho. Mtoto wake wa kwanza alirudi kutoka vita ya Vietnam ametekwa na madawa ya kulevya, akapona, akaanza kusaidia vijana wengine waliotekwa, kisha akafa katika ajali ya gari mwaka 1971. Jackie alikufa tarehe 24 mwezi wa kumi 1972, kwa moyo, akiwa na miaka 53.

Mwaka uliofuata Rachel alianzisha shirika kwa jina la mume wake, kulipia masomo ya universite kwa vijana wasio na uwezo. Zaidi ya elfu moja wamekwisha kusaidiwa, wale wa diploma ambayo mwenyewe aliiacha. Namba 42 aliyovaa ilifungwa mwaka 1997 katika ekipe zote kubwa, mchezaji mpya asiivae tena. Hapa jirani, ng'ambo ya ziwa letu, Waganda wanacheza besiboli: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Marekani, na mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda walitia sahihi na Dodgers, ekipe ile ile ya Jackie. Na mtoto wake wa kiume mwingine, David, alihamia Tanzania miaka ya 1980. Alifungua shamba la kahawa kule Mbozi, akajiunga na wakulima wa vijiji vile ili wauze kahawa yao wenyewe mpaka Marekani.