Siti binti Saad: Mama Aliyebamba Pwani Nzima Kabla Nyanya Yako Azaliwe

Ukifika Lamu jioni, keti barazani pale Mkunguni, karibu na ngome, uagize kahawa chungu. Kuna mbogi ya vijana na kaspika kao. Waombe nafasi uweke ngoma moja ya 1928. Watakucheka, halafu udi uanze, ile sauti iingie, na wazee walio kando ndio watakuwa wa kwanza kunyamaza.

Huyo ni Siti binti Saad. Kama humjui, usijali, wengi wetu tulichelewa.

Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, karibu mwaka wa 1880. Wazazi wake walikuwa watumwa, na yeye mwenyewe akapewa jina Mtumwa. Hilo la Siti, yaani bibi wa heshima, alilipata baadaye kwa kazi yake. Hustle ya kwanza ilikuwa kuuza vyungu vya mamake, akitembea akinadi bidhaa. Mwaka wa 1911 akahamia mjini, na huko wanamuziki wakamfunza kuimba.

Sasa elewa kitu. Siku hizo taarab ilikuwa starehe ya jumba la Sultani, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaileta kwa Kiswahili, mwenye shamba na mchukuzi wote wakaelewa. Lamu na Pate, ambako watu walishatunga tenzi za Kiswahili miaka na miaka, hiyo lugha ilikuwa nyumbani kabisa.

Machi 1928 yeye na kundi lake wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi na HMV. Hapo ndipo santuri za Kiswahili zikaanza kusambaa pwani, watu wakijazana kwenye migahawa ya kahawa kuskiza. Mahasidi nao hawakukosa: wakamsema sura, wakamsema asili. Yeye akawajibu kwa wimbo, kwamba akili ndiyo mali, sura baadaye.

Lakini ngoma ya kutafuta leo ni Kijiti. Ni stori ya kweli. Mgeni kutoka Dar es Salaam alikuja Unguja, akatoka na mwanamume aliyeitwa Kijiti, akauawa. Muuaji akatorokea bara. Wanawake waliotoa ushahidi ndio wakajikuta matatani kortini. Siti akaiimba hiyo dhuluma wazi wazi, wakati wa ukoloni, bila kuogopa. Manze, hata leo si wasanii wengi wanaweza hivyo.

Alifariki 8 Julai 1950. Shaaban Robert mwenyewe akaandika wasifu wake, na nyimbo zake zikaendelea kuishi kinywani mwa Bi Kidude, hadi naye akatuacha 2013.

Shida ni kwamba zile santuri za zamani huvunjika kama sahani ya chai. Ikivunjika ya mwisho na hakuna aliyeinakili, hiyo sauti imeenda. Baadhi ya rekodi za taarab za enzi zile zilikusanywa kwenye albamu Poetry and Languid Charm ya 2007, kwa hivyo pa kuanzia papo.

Kwa hivyo fanya hivi: ukirudi ocha, uliza nyanya au babu kama kuna santuri imelala kabatini. Usiitupe. Kisha skiza Kijiti mara mbili: ya kwanza kwa sauti, ya pili kwa maneno. Halafu mpigie msee mmoja umwambie.