Dkt. Williamson wa Mwadui: mtu wa almasi na somo aliloliacha kwa fundi wa leo

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Vwawa au Tunduma siku hizi, huenda ukaona mashine ndogo ya umeme ya mkononi ambayo kichwa chake hakizunguki kama cha grinda. Kichwa hicho hutikisika kushoto na kulia, kwa mwendo mfupi sana, maelfu ya mara kwa dakika. Huvalishwa vifaa tofauti: kuna cha kukata, cha kukwangua, cha kushika msasa, na kuna tupa ya pembetatu iliyopakwa chembe ngumu usoni.

Kwenye tupa ndipo mafundi wengi hukwama. Pakiti moja imeandikwa almasi, nyingine kabaidi, na bei zake zimepishana. Mtu hujiambia kwamba almasi ni almasi, lazima iwe bora kwa kila kazi. Anatoa fedha, anaenda nayo kwenye mbao au kwenye chuma, na baada ya siku mbili anarudi analalamika.

Ili kuelewa kosa liko wapi, leo tunamkumbuka mtu ambaye jina lake halitenganishwi na almasi ya Tanzania: Dkt. John Thoburn Williamson, aliyegundua mgodi wa Mwadui, Shinyanga.

Kijana kutoka Kanada

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill akiwa na nia ya kusoma sheria. Safari ya kikazi ya kuchunguza miamba huko Labrador ilimbadilisha mawazo. Aliacha sheria, akasoma jiolojia, na mwaka 1933 akapata shahada ya uzamivu.

Mwaka 1934 alifika Afrika Kusini, kisha akafanya kazi ya utafiti wa madini Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sisi wa Songwe tunaijua kwa jina la Zambia. Kutoka huko akavuka kuingia Tanganyika na kuajiriwa na kampuni iliyochimba almasi Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Mabuki haikuwa na utajiri mkubwa. Kampuni ilipokata tamaa na kutaka kuondoka, Williamson hakuondoka nayo. Alichukua haki za uchimbaji na kuendelea kutafuta, safari hii kwa fedha za kuungaunga.

Miaka ya madeni na homa

Kuna kipindi katika maisha ya Williamson ambacho watu hupenda kukiruka, kwa sababu hakina kito wala karamu. Ni miaka ya kutembea porini Usukuma, kuchimba mashimo, kuchekecha kokoto na kuosha mchanga, huku malaria ikimrudia na wadai wakimsubiri.

Hakuwa peke yake. Alikuwa na vibarua na watafutaji Waafrika waliobeba, kuchimba na kuchekecha, ambao majina yao mengi hayakuandikwa vitabuni. Alikuwa pia na msaada wa wakili wa Mwanza, Iqbal Chand Chopra, aliyekubali kumwamini na kumsaidia kifedha wakati wengine walikuwa wamechoka. Baadaye Chopra akawa mshirika wake katika mgodi.

Williamson alikuwa akitafuta aina fulani ya mwamba. Almasi huundwa chini sana ardhini, kwenye joto na mgandamizo mkubwa, kisha hupandishwa juu na milipuko ya kale ya volkeno. Mwamba unaoibeba huitwa kimbalaiti, na husimama ardhini mfano wa bomba au karoti kubwa. Almasi chache zilizotawanyika kwenye kokoto zilimwambia kwamba bomba hilo lipo mahali fulani. Kazi ilikuwa kulipata.

Mwezi Machi 1940 lilipatikana Mwadui. Zipo hadithi nyingi za siku ile, ikiwemo ile maarufu ya almasi iliyookotwa chini ya mbuyu. Lenye uhakika ni ukubwa wa kilichopatikana: bomba la kimbalaiti lenye eneo la hekta zipatazo 146, sawa na ekari karibu 360. Ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani kati ya yale yaliyowahi kuchimbwa kibiashara.

Almasi ya viwandani

Tukisikia almasi tunafikiria pete. Lakini tazama mwaka: 1940, Vita Kuu ya Pili ikiwa imeanza. Viwanda vya Uingereza na Marekani vilikuwa vikitengeneza injini, mizinga na ndege, na vilihitaji kunoa vifaa vya kukatia chuma. Vifaa hivyo vilitengenezwa kwa kabaidi ya tangsteni, ambayo ni ngumu kiasi kwamba jiwe la kawaida la kunolea haliiwezi. Almasi iliiweza.

Kwa hiyo almasi ndogo, zenye rangi mbaya au nyufa, ambazo sonara asingezitazama mara mbili, zikawa mali ya vita. Zilisagwa kuwa chembe, zikapachikwa kwenye mawe ya kunolea, kwenye misumeno ya kukata mawe na kwenye vichwa vya kutobolea miamba.

Hapa ndipo habari ya Mwadui inapokutana na ile tupa ya dukani. Tupa iliyopakwa chembe za almasi inafanya kazi kwa kanuni ileile. Haina meno kama tupa ya seremala. Ina maelfu ya chembe ngumu, na kila chembe inakwaruza kidogo. Mashine ikitikisika mara 10,000 hadi 20,000 kwa dakika, mikwaruzo hiyo midogo inajumlishana kuwa kazi.

Kuna jambo moja zaidi. Mwaka 1955, Williamson akiwa bado hai, kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kuwa imefaulu kutengeneza almasi kwa mashine. Leo chembe nyingi za almasi zilizo kwenye vifaa vya mafundi hutoka kiwandani, hazitoki mgodini. Usishawishike kulipa bei ya kito kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye pakiti.

Mji, kito cha waridi na kifo

Vita vilipokwisha, Mwadui ilikuwa imekuwa mji. Zilijengwa nyumba, shule, hospitali na uwanja wa ndege, umeme ukawaka mahali palipokuwa pori. Williamson akawa mmoja wa matajiri wanaozungumzwa sana duniani, na akasimama kwa miaka kadhaa kubishana bei na kampuni kubwa ya De Beers iliyotawala soko la almasi.

Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, yaani gramu zisizofika 11. Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huohuo. Ilipokatwa na kung'arishwa ilibaki na karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo lenye umbo la ua.

Tafakari hesabu hiyo: zaidi ya nusu ya jiwe ilipotea katika kulitengeneza. Na kilicholikata ni almasi nyenzake, kwa sababu hakuna kingine kilichoweza. Hata jiwe la malkia lilipitia mikono ya fundi na unga wa kusagia.

Williamson hakuoa. Alikuwa mtu wa watu wachache, aliyependa kukaa Mwadui kuliko miji mikubwa. Saratani ya koo ilimwondoa Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, na akazikwa palepale Mwadui. Mwaka huohuo warithi wake waliuza mgodi, na ukamilikiwa kwa pamoja na De Beers na serikali ya Tanganyika. Umepita katika mikono mingine tangu hapo, lakini jina la Williamson halijaondoka.

Ngumu kuliko vyote, lakini si kwa kila kitu

Sasa turudi kwa fundi wetu. Williamson alifaulu kwa sababu alijua anatafuta nini na katika mwamba gani. Hakuchimba popote. Fundi naye aanze na swali hilo: ninasaga nini?

Wataalamu hupima ugumu wa madini kwa ngazi ya 1 hadi 10. Almasi iko juu kabisa, 10. Kabaidi ya tangsteni inakaribia 9. Mchanga wa kawaida uko 7. Chembe ikiwa ngumu kuliko kitu kinachosagwa, itakikwaruza. Ikiwa laini zaidi, itasagika yenyewe. Lakini ugumu peke yake hautoshi, kama mifano hii inavyoonyesha.

Marumaru za sakafuni, mawe na vigae vigumu. Hapa almasi inastahili bei yake. Kulainisha ukingo wa kigae kilichokatwa au kuondoa saruji ngumu katikati ya vigae ni kazi yake.

Plasta, gundi ya zamani ya vigae na saruji iliyobaki sakafuni. Tupa ya kabaidi inatosha. Chembe zake ni kubwa na zimeachana, hivyo zinakula haraka na vumbi linapata pa kutokea.

Mbao. Tupa ya kabaidi yenye chembe kubwa inafaa kupunguza fremu ya mlango uliovimba kwa mvua, au kutengeneza kona ambayo randa haifiki. Ni nzuri pia kwa mbao za zamani ambazo huenda zina misumari, maana tupa ya meno ya chuma ikigusa msumari imekwisha. Tupa ya almasi yenye chembe laini haifai mbao: unga wa mbao na utomvu huziba uso wake, inateleza, inapasha joto na kuchoma mbao. Ukimaliza kwa tupa, malizia kwa msasa, namba 80, kisha 120, kisha 240. Kadiri namba inavyopanda ndivyo msasa unavyokuwa laini.

Chuma. Hapa ndipo wengi hupotea. Sisi wa Mbozi tuna mfano mkubwa kuliko wote, kile kimondo cha Ndolezi, ambacho karibu asilimia 90 yake ni chuma na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni nikeli. Mtu angedhani kitu kama hicho kinahitaji almasi. Sivyo. Almasi ni kaboni tupu, na ikisuguana na chuma kwa joto kali, kaboni hiyo huingia kwenye chuma na chembe huisha ncha. Kwa chuma tumia jiwe la grinda au msasa wa chuma, ambao chembe zake mara nyingi ni za oksidi ya alumini. Kwa bei ni nafuu, na kwa kazi hiyo ni bora kuliko almasi.

Kabla ya kulipa dukani

Kwanza, tazama tundu la kuvalishia. Mashine hizi hazina mdomo wa aina moja. Nenda na mashine yako dukani, au kifaa chake cha zamani, ulinganishe.

Pili, tazama chembe zenyewe. Zipitishie mwanga. Kama sehemu nyingine zina chembe na nyingine ziko wazi, au zinadondoka ukikwaruza kwa ukucha, irudishe.

Tatu, chagua umbo kwa mahali pa kazi. Pembetatu huingia kwenye kona. Iliyo nyembamba kama kidole huingia kwenye nafasi ya kubana. Ya nusu mduara ni ya mstari kati ya vigae.

Nne, ukianza kazi usikandamize. Mtikisiko ndio unaosaga. Ukiegemea kwa nguvu, kichwa kinashindwa kutikisika, mota inapata joto na chembe zinang'oka. Pumzisha mara kwa mara. Wala usimwagie maji mashine ya umeme eti kuipoza.

Tano, na hili usilisahau: funika pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi inayobana vizuri, vaa miwani, fungua madirisha. Vumbi la saruji, mawe na vigae lina silika, na chembe zake ndogo zikiingia kwenye mapafu hazitoki. Wachimbaji wengi duniani wameharibika vifua kwa vumbi la aina hiyo. Kitambaa chepesi cha kujifunga usoni hakizuii chembe ndogo kiasi hicho.

Bei ya tupa unaweza kuirudisha kwa kazi mbili tatu. Kifua hakirudi. Williamson alikuwa na almasi za kujaza sanduku, na maradhi ya koo yakamchukua kabla ya kutimiza miaka 51. Chagua kifaa kinacholingana na kazi, na ujilinde wewe unayekishika.