Edwin Armstrong na Sauti Ndogo

Edwin Howard Armstrong alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa New York, nchi ya Marekani. Utotoni aliugua, akawa hana budi kufundishwa nyumbani kwa muda. Hata alipopona, alisoma habari za Marconi, aliyepeleka habari angani pasipo waya, akaazimu kuifuata kazi hiyo. Akasimamisha mlingoti mrefu karibu na nyumba yao, akakesha akisikiliza.

Siku zile mawimbi ya simu ya upepo yaliyotoka mbali yalikuwa dhaifu mno, mfano wa mnong'ono wa mtu aliye ng'ambo ya mto. Tena yalichanganyika na mawimbi ya watu wengine na makelele ya radi. Basi msikilizaji alikuwa na kazi tatu: kuikuza sauti, kuichagua kati ya nyingine, na kuitenga na makelele. Armstrong alizishughulikia zote tatu.

Ya kwanza aliiweza mwaka 1912, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alitwaa valvu, chombo cha kioo kifananacho na taa ndogo ya umeme. Sehemu ya umeme uliokwisha kukuzwa humo akairudisha, ikuzwe tena na tena. Mnong'ono ukawa sauti.

Ya pili aliiweza mwaka 1918, akiwa afisa wa jeshi la Marekani huko Ufaransa. Mpishi hukamua nazi, akachuja. Tui hupita, machicha husalia. Redio nayo yahitaji chujio la kupitisha wimbi moja na kuzuia mengine. Lakini ni vigumu kutengeneza chujio jema kwa kila wimbi. Kwa hiyo Armstrong alibuni namna ya kuligeuza kila wimbi linalotakiwa, liwe na mtetemo mmoja uliowekwa tangu awali. Chujio moja likatosha kwa yote.

Kisha taabu ikamjia. Lee de Forest, aliyeibuni valvu ile, alidai kwamba kazi ya mwaka 1912 ilikuwa yake. Daawa ilichukua miaka mingi, na mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest ushindi. Armstrong akaenda kwenye chama cha mainjinia wa redio, ili airudishe nishani aliyopewa kwa kazi hiyo. Wenzake wakakataa kuipokea, maana walijua aliyestahili.

Naye hakuacha kazi. Radi huongeza na kupunguza nguvu za wimbi. Basi yeye aliziacha nguvu zilivyo, akabadili wingi wa mitetemo tu. Mwaka 1935 aliwaonyesha mainjinia wa New York. Maji yalimiminwa katika gilasi huko Yonkers, mji ulio jirani, nao wakasikia waziwazi, pasipo makelele.

Makampuni kadhaa yalitumia uvumbuzi huo bila kumlipa. Daawa zilimmalizia mali na afya, akafa mwaka 1954 katika huzuni nyingi. Mkewe, Marion, hakukata tamaa. Aliziendesha daawa hizo hata akashinda ya mwisho mwaka 1967.

Husemwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Armstrong alivumilia, asizile. Twazila sisi, kila tufunguapo redio ya FM.