Imam al-Ghazali: Ulimi wa mwanachuoni ulipofunga

Katika mitaa yetu ya Mwenge, mtu akijifungia ndani, akasusa chakula na kukata mazungumzo na watu, haikawii kusemwa kuwa amerogwa au imani yake imepungua. Maisha ya Imam Abu Hamid al-Ghazali (Allah amrehemu) yanatufunza tusiharakie hukumu hiyo.

Alizaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, nchi ya Iran ya leo. Yeye na nduguye Ahmad walifiwa na baba wangali wadogo. Alisoma kwa Imam al-Juwayni mjini Nishapur, na mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akamteua kusomesha katika Madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Akiwa na miaka 33 tu, alikuwa na wanafunzi wapatao 300 na jina lililovuma.

Mwaka 1095 nafsi yake ilianza kumhoji: anasomesha kwa ajili ya Allah, au kwa ajili ya cheo? Kwa takriban miezi sita hakupata utulivu. Kisha ulimi ukafunga. Akikaa mbele ya wanafunzi, neno halitoki. Huzuni ikamjaa, chakula na maji vikawa havipiti kooni, nguvu zikamwishia. Matabibu walisema maradhi yameanzia moyoni na kuenea mwilini, na dawa haitafaa mpaka moyo upate faraja.

Huyu ndiye aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam. Nani atadai kuwa alikosa elimu au imani?

Alimlilia Mola wake, na akachukua hatua. Aliiachia familia yake riziki ya kuitosha, akagawa mali iliyobaki, akaondoka Baghdad. Alikaa Damascus karibu miaka miwili, akazuru Baitul Maqdis, akahiji, kisha mapenzi ya watoto yakamrudisha nyumbani. Hakupona kwa siku moja. Ilipita zaidi ya miaka 10 ndipo, mwaka 1106, akarejea kusomesha Nishapur. Katika kipindi hicho aliandika Ihya Ulum al-Din. Alifariki Tus mwaka 1111.

Hatuwezi kumpima leo mtu aliyefariki karne tisa zilizopita, wala si kila mmoja awezaye kuacha kazi na kusafiri. Lakini dalili zake nyingi zinafanana na za ugonjwa wa sonona. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu wiki 2 au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, kutokula na kuchoka, mgonjwa apelekwe hospitali, kama Mwananyamala au Muhimbili. Sonona hutibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na kwa dawa inapohitajika. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Dua na tiba havigombani. Al-Ghazali aliomba, na matabibu pia walimwona. Nasi tukitoka msikitini leo, tumzuru jirani aliyejifungia, tumsikilize bila kumlaumu, na tumsindikize kwa daktari. Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.