Shekhe Amin al-Khuli na Visa vya Qur'ani

Katika darsa letu la Kisumu Ndogo, Kibera, huulizwa mara kwa mara: kwa nini kisa cha Nabii Musa (A.S.) chakaririwa katika sura nyingi, na kila pahala kwa namna yake? Fimbo katika Taha ni nyoka, katika Al-Aaraf ni joka. Wako wadhanio kuwa kuuliza hivyo ni utovu wa adabu. Sivyo. Shekhe Amin al-Khuli wa Misri aliuliza, akataabika kwa ajili yake.

Alizaliwa mwaka 1895 katika mkoa wa Menoufia, akasoma chuo cha makadhi mjini Cairo. Mwaka 1923 alipelekwa Roma kuwa imamu wa ubalozi wa Misri, kisha Berlin. Huko alijifunza lugha za wenyeji na namna wataalamu wao wanavyovichambua vitabu. Aliporejea akasomesha chuo kikuu.

Mafunzo yake ni haya: Qur'ani ndicho kitabu kikubwa kabisa cha Kiarabu; basi mfasiri kwanza aifahamu kama walivyoifahamu walioisikia mwanzo, azikusanye aya zote za jambo moja, azitazame kwa mpango wa kushuka kwake, ndipo atoe maana. Wale watafutao sayansi ndani ya kila aya hakuwakubali. Mbegu ya rai hii ni ya Shekhe Muhammad Abduh, ambaye mafunzo yake yalimfikia pia Shekhe wetu Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa.

Mwaka 1947, ndio mwaka aliofariki Shekhe Al-Amin, mwanafunzi wa al-Khuli, Muhammad Ahmad Khalafallah, alitoa risala juu ya usanii wa visa vya Qur'ani. Alieleza kwamba visa havikuja kuwa tarikh, bali kuonya na kumliwaza Mtume (S.A.W.); kwa hiyo vipande vyateuliwa, vingine vyaachwa, na miaka haitajwi. Mpaka hapo hatuoni ubaya. Lakini aliongeza kuwa si lazima kila tukio liwe lilitokea kama lilivyosimuliwa. Maulamaa wa Azhar wakaghadhibika, na chuo kikaikataa risala. Hapo nasi twaachana naye: kutotajwa mwaka wa jambo si dalili kuwa halikutokea.

Al-Khuli hakumtupa mwanafunzi wake, alimtetea hadharani. Akazuiwa kusimamia risala za Qur'ani, na baada ya mapinduzi ya 1952 akaondolewa chuoni. Mkewe, Aisha Abdul-Rahman, mashuhuri kwa jina la Bint al-Shati, aliandika tafsiri kwa njia ya mumewe, na juzuu ya kwanza ilitoka 1962. Al-Khuli aliiona, akafariki mwaka 1966.