Josephus: Aliyeitwa msaliti ndiye aliyehifadhi historia ya Wayahudi

FLAVIUS Josephus alizaliwa mjini Yerusalemu mwaka wa 37 Baada ya Kristo, katika ukoo wa makuhani. Wayahudi walikuwa chini ya utawala wa Warumi, na wao wenyewe walikuwa wamegawanyika katika madhehebu yaliyopingana kuhusu Sheria ya Musa na hatima ya binadamu.

Kwa maelezo yake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 16 aliamua kuyachunguza madhehebu matatu makuu ili achague mojawapo. Masadukayo, waliofuatwa na matajiri, walishika sheria iliyoandikwa pekee na kukana kwamba roho huishi baada ya kifo. Mafarisayo, waliopendwa na umma, walizingatia pia mapokeo ya wazee. Waliamini kuwa roho haifi, na kwamba Mungu huongoza mambo ingawa mtu ana hiari ya kutenda. Nao Waesene, zaidi ya 4,000, walimwachia Mungu kila jambo na kumiliki mali kwa pamoja.

Aidha, alikaa jangwani miaka mitatu na mtawa aitwaye Bannus. Aliporejea akiwa na miaka 19, alifuata njia ya Mafarisayo.

Wayahudi walipoasi mwaka wa 66, alikabidhiwa uongozi wa vita katika Galilaya. Mwaka uliofuata, mji wa Jotapata ulitekwa baada ya kuzingirwa kwa siku 47. Yeye na wenzake 40 walijificha pangoni, wakaafikiana kuuana kwa zamu kwa kupiga kura. Walipobaki wawili, alimshawishi mwenzake wajisalimishe. Alimtabiria jemadari Vespasian kuwa angekuwa Kaisari. Hilo lilipotimia mwaka wa 69, akaachiliwa huru.

Mwaka wa 70, akiwa upande wa Warumi, alishuhudia Titus, mwanawe Vespasian, akiiteka Yerusalemu na Hekalu likiteketea. Kisha alihamia Roma, akapewa uraia na posho. Wengi wa kabila lake walimhesabu msaliti.

Hata hivyo, Hekalu lilipoanguka, Masadukayo na Waesene walitoweka. Mengi yanayojulikana kuwahusu yametoka katika vitabu vyake kuhusu vita hivyo na historia ya kale ya Wayahudi. Hata hati zilizoanza kupatikana Qumran mwaka wa 1947, wasomi wengi huzihusisha na Waesene kwa kuzilinganisha na maandishi yake.

Josephus alifariki yapata mwaka wa 100. Kalamu yake iliwahifadhi watu ambao upanga wake haukuweza kuwaokoa.