MTAKATIFU YERONIMO, MTETEZI WA BIKIRA MARIA

Tunduma ni mlango wa nchi. Malori yaendayo Zambia na Kongo hujipanga hapo kwa foleni ndefu, reli ya TAZARA yapita hapo, na sokoni hukutana Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali na Mbemba avukaye kutoka Nakonde. Tena mahali pakutanapo watu wengi hukutana pia imani nyingi. Basi si ajabu mtoto wa Kikatoliki, atokapo mafundisho na rozari mkononi, kuulizwa na mwenzake njiani: mbona mwamwita Maria Bikira daima, ilhali Injili yataja ndugu zake Yesu? Mtoto hurudi nyumbani amenyamaza. Akimwuliza baba yake, mara nyingi baba naye hunyamaza.

Swali hilo si geni. Liliulizwa mjini Roma zaidi ya miaka 1600 iliyopita, na aliyelijibu ni mtu ambaye Kanisa lamkumbuka kila tarehe 30 Septemba. Huyo ni Mtakatifu Yeronimo, padre na mfasiri wa Maandiko Matakatifu. Twaona yafaa tuwasimulie wasomaji wetu maisha yake, kwa maana yamo humo mambo mawili ambayo kila nyumba ya Kikristo yayahitaji: elimu ya kuijibu imani yake, na onyo juu ya namna ya kujibu.

Yeronimo alizaliwa karibu na mwaka 347 katika mji mdogo wa Stridon, upande wa mashariki ya bahari ya Adria. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye mali, wakampeleka Roma kusoma. Huko alivipenda mno vitabu vya washairi na wasemaji wa kipagani, naye alibatizwa akiwa kijana mkubwa. Alipokuwa Antiokia aliugua sana, akaota amesimamishwa mbele ya Hakimu, akaambiwa ya kuwa yeye si Mkristo bali ni mfuasi wa Cicero, mwandishi wa Kirumi aliyempenda kupita kiasi. Alipopona alikwenda kukaa jangwani Kalkisi. Huko, ili aushinde mwili wake na mawazo yake, alianza kujifunza Kiebrania kwa Myahudi mmoja aliyekuwa Mkristo. Kazi hiyo ilimwia ngumu, akaiacha mara nyingi na kuirudia mara nyingi. Hakujua kwamba Mungu alikuwa akimtengenezea jembe la kulimia maisha yake yote.

Baada ya kupewa upadre Antiokia na kusoma kwa Mtakatifu Gregori wa Nazianzo huko Konstantinopoli, alirudi Roma mwaka 382. Papa Damaso alimfanya mwandishi wake, akamwagiza asahihishe tafsiri ya Kilatini ya Injili, kwa sababu nakala za siku zile zilikuwa nyingi na hazikupatana. Ndipo alipotokea mtu mmoja, jina lake Helvidius, akaandika kitabu. Helvidius hakukana kwamba Yesu alichukuliwa mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Alichosema ni kwamba baada ya Yesu, Maria alimzalia Yosefu watoto wengine. Naye alitaka kuonyesha kwamba ndoa haipungui heshima mbele ya ubikira.

Mwanzoni Yeronimo hakutaka kumjibu, asije akamkuza mtu asiyejulikana. Waamini walipomsihi, aliandika, karibu na mwaka 383, kitabu kifupi ambacho Kanisa lakitumia hata leo. Na tutazame hoja zake, maana ndizo zile zile ziulizwazo Tunduma.

Hoja ya kwanza ni ya neno ndugu. Yeronimo alionyesha ya kuwa katika Maandiko neno hilo halimhusu tu aliyezaliwa tumbo moja nawe. Abrahamu alimwita Loti ndugu, naye Loti alikuwa mtoto wa nduguye. Tena Yakobo na Yosefu, waitwao ndugu za Bwana, Injili yawataja penye msalaba kuwa na mama mwingine aitwaye Maria. Wazungu wengi walihitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Sisi hatuna haja nayo. Nani kwetu, awe Mnyiha au Mnyamwanga, amwitaye mtoto wa baba yake mdogo mgeni? Ni ndugu yake, na akimwita jina jingine wazee watamkemea.

Hoja ya pili ni ya neno hata, au mpaka. Mathayo asema Yosefu hakumjua Maria hata alipomzaa mwana. Helvidius akadai ya kuwa baadaye alimjua. Yeronimo akajibu kwamba neno hilo laeleza yaliyokuwa kabla, wala halisemi neno juu ya yaliyofuata. Mama amwagapo mwanawe kituoni akimwombea Mungu amlinde mpaka afike Dar es Salaam, je, ataka Mungu amwache akishafika?

Hoja ya tatu ni ya kifungua mimba. Katika Sheria ya Musa mtoto wa kwanza alikuwa wa Bwana tangu kuzaliwa kwake, wala kuhani hakungoja azaliwe wa pili ndipo amwite wa kwanza. Mwana pekee naye ni kifungua mimba.

Papa Damaso alifariki mwaka 384. Yeronimo alikuwa na maadui wengi Roma, kwa sababu aliwakemea mapadre wapenda anasa pasipo kuwahurumia. Mwaka 385 aliondoka, na mwaka uliofuata akatua Bethlehemu. Paula, mjane wa ukoo mkubwa wa Roma, alikuwa amekuja pia pamoja na binti yake Eustochium. Kwa mali ya Paula zilijengwa nyumba za watawa, wanaume na wanawake, na nyumba ya kuwapokea mahujaji. Hapo, karibu na pango aliponyonyeshwa Mkombozi, Yeronimo alikaa zaidi ya miaka 30. Myahudi mmoja mwenye elimu alikuja kumfundisha usiku, akiogopa wenzake. Kazi aliyoifanya huko, ya kulitafsiri Agano la Kale kutoka Kiebrania, ndiyo iliyo kiini cha Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata, ambayo Mtaguso wa Trento uliithibitisha mwaka 1546.

Alipofika penye utabiri wa Isaya juu ya mwanamwali atakayezaa mtoto, alijua vema kwamba Wayahudi walibishana na Wakristo juu ya neno moja la Kiebrania. Hakulificha shindano hilo. Alilipima neno, akaeleza ya kuwa lamaanisha msichana aliyefichwa nyumbani, akaandika bikira, kama walivyofanya watafsiri wa Kigiriki wa kale. Lakini imani yetu haikujengwa juu ya neno moja. Mathayo na Luka, kila mmoja kwa njia yake, wametuachia habari moja: Mtoto yule hakuwa na baba wa duniani, kwa maana Baba yake ni Mungu. Ndiyo sababu Kanisa lashika jambo hili. Tumwitapo Maria Bikira twasema kwanza Mwanawe ni nani.

Watu waliofanya kazi ya namna hiyo tuliwapata hata Songwe. Wamisionari wa Kimoravian wa Mbozi, pamoja na Traugott Bachmann, walilitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, likatolewa mwaka 1913. Nao pia, walipofika sura za kwanza za Mathayo na Luka, iliwapasa kumpa Maria jina katika lugha ya watu waliomsikia kwa mara ya kwanza. Yatupasa kukumbuka hili tuzungumzapo na majirani. Mmoravian asadikiye Kanuni ya Imani ya Mitume akiri pamoja nasi ya kuwa Yesu alizaliwa na Bikira. Mwislamu naye asoma katika Kurani kwamba Mariamu alimzaa Isa pasipo kuguswa na mwanamume, ingawa hamkiri kuwa Mwana wa Mungu. Hata Luther alishika mpaka kufa kwake kwamba Maria alibaki bikira. Majirani hao si adui wa Mama yetu.

Hapo twafika penye onyo. Yeronimo alikuwa mtakatifu, lakini kalamu yake ilikuwa na miiba. Alimtukana Helvidius pasipo haja. Mwaka 393, alipomwandikia mtu mwingine aitwaye Jovinianus, aliusifu ubikira kwa maneno yaliyoonekana kuidharau ndoa, hata rafiki yake Pammachius akajaribu kuziondoa nakala zisienee. Kanisa limepokea hoja zake, halikupokea hasira yake. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ulimwita Maria Bikira daima, na Kanisa hilo hilo lafundisha ya kuwa ndoa ni Sakramenti. Baba na mama wasidhani kwamba ubikira wa Maria waifedhehesha nyumba yao. Mungu mwenyewe alitaka Mwanawe alelewe katika nyumba ya mume na mke.

Mwisho wa maisha yake ulimlainisha. Paula alifariki mwaka 404. Roma ilipotekwa mwaka 410, wakimbizi walifika Bethlehemu wakiwa maskini, na mzee yule akaacha vitabu vyake apate kuwahudumia. Mwaka 416 nyumba zake za watawa zilichomwa moto na wahalifu. Alikufa mwaka 420, akazikwa karibu na pango la Noeli.

Basi, wazazi, msinyamaze. Fungueni Injili ya Luka jioni, msome pamoja na watoto sura mbili za kwanza, mkawafundishe hoja hizi tatu kwa maneno ya kwenu. Mtoto akiulizwa tena njiani, ajibu kwa elimu ya Yeronimo na kwa upole wa Maria. Akishinda kwa matusi, atakuwa amemtetea Mama kwa namna ambayo Mama mwenyewe asingeipenda.